Seli kwa watoto: mwongozo kamili wa kuziona, kuzichora na kuzitofautisha

Mtoto aliyechorewa seli ubaoni kabla hajaiona huukariri ule mchoro. Siku atakapoweka jicho kwenye hadubini atautafuta mchoro huohuo, na asipouona atadhani amekosea, kumbe kilicho mbele yake ndicho seli yenyewe. Kwa hiyo mwongozo huu unaanzia upande wa pili: mtoto aone kwanza, achore alichokiona, kisha ndipo apewe majina. Umeandikiwa walimu na wazazi wa Kisumu, Nakuru, Kakamega na sehemu za jirani wanaofundisha watoto wa miaka 8 hadi 13 hivi. Vitu vingi utakavyohitaji viko jikoni, kwa mama mboga au kwa kemisti.

Kabla ya kugusa kifaa chochote, wape sentensi moja tu: seli ni sehemu ndogo kabisa ya kiumbe ambayo yenyewe ni hai. Inaingiza chakula, inatoa taka, na nyingi hugawanyika zikawa mbili. Vitabu vingi huongeza kwamba seli ni matofali ya mwili. Tunashauri mfano huo uachwe. Tofali ni kitu kizito, kikavu, kisicho na kitu ndani, na mtoto akishalishika tofali kichwani itakuchukua muda mrefu kumshawishi kwamba seli imejaa umajimaji na kwamba ndani yake vitu vinatembea.

Vifaa

Hadubini ya kawaida ya shule ina lenzi ya jicho inayokuza mara 10 na lenzi tatu za chini: 4, 10 na 40. Zidisha, upate ukuzaji wa mara 40, 100 na 400. Hizo zinatosha kwa kazi yote iliyoelezwa hapa. Hadubini moja ihudumie watoto wasiozidi sita. Wakizidi, wa mwisho watachoka kungoja na kuanza kusukumana.

Slaidi ni kipande cha kioo chenye urefu wa milimita 75 na upana wa 25, unene wa milimita 1 hivi. Zikikosekana, fundi wa vioo vya madirisha anaweza kukukatia vipande kwenye mabaki yake. Mwombe kioo chembamba alichonacho na asage kingo zote kwa jiwe la kunolea ili zisikate vidole. Kifuniko cha slaidi ni kioo chembamba zaidi, na huvunjika kwa kuguswa tu. Kwa ukuzaji wa 40 na 100 unaweza kutumia badala yake kipande cha plastiki angavu kilichokatwa kwenye boksi la zawadi au pakiti ya shati jipya, mradi hakina mikwaruzo.

Kwa kemisti nunua iodini ya vidonda na ile dawa ya zambarau ya vidonda vya mdomoni, GV. Zote mbili zipunguzwe makali. Iodini: tone 1 kwa matone 5 ya maji, iwe kahawia hafifu. GV: tone 1 kwa matone 10 ya maji. Zinachafua nguo na vidole, na doa la GV kwenye sare ya shule halitoki kirahisi, kwa hiyo mtu mzima ndiye adondoshe. Ongeza wembe (wa mtu mzima pekee), vijiti vya pamba vya masikio, karatasi ya shashi, chumvi, na mrija wa soda wa kudondoshea: chovya ncha, ziba juu kwa kidole, hamisha, achilia.

Pasipo na hadubini

Simu inaweza kufanya kazi ya kuanzia. Tafuta tochi ndogo ya leza iliyoharibika, zile za kuchezea. Toa betri kwanza, na usiruhusu mtoto awashe leza kamwe kwa sababu mwanga wake huunguza sehemu ya nyuma ya jicho. Fungua kichwa chake, utoe lenzi ndogo ya plastiki iliyo mbele.

Laza simu mezani ikitazama juu, karibu na dirisha. Weka lenzi hiyo juu ya kamera ya mbele, uishike pembeni kwa gundi ya karatasi ya selotepu bila kuziba katikati. Pande zote mbili za kamera panga vipande vya kadibodi vya urefu sawa, uweke slaidi juu yake ili ielee milimita chache juu ya lenzi. Washa kamera ya mbele. Picha ikiwa na ukungu, ongeza karatasi moja moja chini ya slaidi, au punguza. Ndivyo unavyolenga, kwani lenzi hii huona vizuri kwa umbali mmoja tu. Mwanga utoke juu, upite kwenye slaidi uingie kwenye kamera. Seli za kitunguu huonekana vizuri kwa njia hii. Za mdomoni huonekana kwa shida, na bakteria hawaonekani kabisa. Jambo moja zuri la simu ni kwamba watoto wote huona skrini pamoja, na mwalimu anaweza kuonyesha kwa kidole kile anachokizungumzia.

Somo la kwanza: kitunguu

Vitunguu vinavyouzwa katika masoko yetu, iwe Kibuye mjini Kisumu au Wakulima mjini Nakuru, kwa kawaida ni vyekundu. Hiyo ni bahati, kwani rangi ile ya zambarau imo ndani ya seli zenyewe, na safu ya nje itakuonyesha seli bila kupaka dawa yoyote.

Kata kitunguu vipande vinne. Chomoa tabaka moja nene, lenye maji. Upande wake wa ndani uliobonyea una ngozi nyembamba angavu. Vunja tabaka hilo kwa vidole bila kulikata kabisa, uvute polepole, na ngozi itabanduka. Kata kipande cha milimita 5 kwa 5. Usichukue kikubwa zaidi, kwani kikubwa hukunjamana.

Weka tone moja la maji katikati ya slaidi kabla ya kuweka ngozi. Watoto hupenda kuanza na ngozi kisha maji, nayo ikijikunja haifunguki tena. Ilaze juu ya tone, inyooshe kwa ncha ya kijiti. Dondosha tone la iodini iliyopunguzwa, ngoja dakika 2 hadi 3. Kisha simamisha kifuniko ukingoni mwa tone kwa mshazari, ukishushe taratibu upande mmoja hadi mwingine. Ukikiangusha bapa kwa mara moja, hewa hunaswa chini yake. Maji yaliyozidi yafyonze kwa ncha ya shashi.

Sasa hadubini. Anza na lenzi fupi, ya 4, hata kama watoto wanaililia ile ndefu. Ukitazama kwa pembeni, si kupitia juu, zungusha skrubu kubwa hadi lenzi ikaribie slaidi. Ndipo uweke jicho, uzungushe kuelekea upande wa kuitenganisha lenzi na slaidi, mpaka picha itokee. Anayelenga kwa kuikaribisha lenzi huku akitazama ndani ndiye anayevunja slaidi. Picha ikishatulia, sogeza seli unayoitaka katikati, hamia lenzi ya 10, rekebisha kwa skrubu ndogo pekee. Kwenye lenzi ya 40 skrubu kubwa isiguswe kabisa. Nafasi kati ya lenzi hiyo na kioo haifiki milimita moja.

Kama hadubini yako inatumia kioo cha kuakisi mwanga, ielekeze kwenye anga nyeupe au ukuta uliopata mwanga. Isielekezwe kwenye jua hata kidogo. Jua lililokusanywa na lenzi hupofusha.

Watoto wataona safu za vyumba virefu vilivyopangana, na ndani ya kila kimoja doa la mviringo la kahawia, mara nyingi limesukumwa kando. Wasiambiwe ni nini bado. Wape penseli na dakika 10. Wachore seli tatu zilizoshikana, kubwa kiasi cha nusu ukurasa, kwa mstari mmoja safi, bila kupaka kivuli na bila rangi. Chini waandike jina la kitu, tarehe na ukuzaji. Ukisoma michoro utakutana na kosa moja mara kwa mara: vidoa ambavyo mtoto atakuambia ni vya kijani. Hakuna kijani ndani ya kitunguu. Mtoto aliwahi kuona kwenye kitabu kwamba seli ya mmea ina kijani, akaiongeza kwa ukarimu. Mrudishe kwenye hadubini atazame tena, kisha mweleze sababu: tabaka za kitunguu hukua zimefichwa, kazi yake ni kuhifadhi, na sehemu isiyopata mwanga haina haja ya kutengeneza vifaa vya kuunasa.

Chumvi inayofichua utando

Jaribio hili ndilo linalostahili muda mrefu kuliko yote, kwa sababu linaonyesha jambo ambalo michoro haiwezi kulionyesha: kwamba seli ya mmea ina ukuta na pia ina utando ndani ya ukuta huo, na ni vitu viwili tofauti. Kwa kawaida utando hubanwa kwenye ukuta na huuoni.

Safari hii bandua ngozi ya upande wa nje wa tabaka, ile yenye zambarau. Usipake iodini, huua seli, na jaribio hili linahitaji seli hai. Iweke kwenye tone la maji safi, ifunike, itazame kwa ukuzaji wa 100. Kila seli itakuwa imejaa rangi kutoka ukuta hadi ukuta. Watoto wachore.

Koroga kijiko kimoja cha chai cha chumvi katika nusu glasi ya maji. Dondosha matone mawili ya maji hayo kwenye ukingo mmoja wa kifuniko, na kwenye ukingo wa pili gusisha shashi. Shashi itafyonza maji safi na kuyavuta ya chumvi yapite chini. Ngoja dakika 3 hadi 5 huku mmoja akitazama na kuwasimulia wenzake. Rangi itaanza kujitenga na kuta, irudi katikati, ijikusanye. Kuta zenyewe hazitasogea. Mpaka wa ile zambarau iliyojikusanya ndiko utando ulipo.

Maelezo kwa mtoto: nje kuna chumvi nyingi kuliko ndani, maji ya ndani yanatoka kupitia utando, seli inasinyaa ndani ya ukuta wake. Ukivuta maji safi kwa njia ileile, nyingi zitajaa tena. Zikikataa kujaa, chumvi ilikuwa kali mno au ilikaa muda mrefu na utando umepasuka. Mtoto wa Nakuru ataelewa hapo kwa nini mahindi hayawezi kustawi kwa kumwagiliwa maji ya ziwa la magadi, na yeyote aliyewahi kutia chumvi kwenye kachumbari atajua yale maji yanayojaa bakulini yametoka wapi.

Kupima udogo

Usiseme "seli ni ndogo sana" ukaishia hapo. Weka rula angavu ya plastiki chini ya lenzi ya 4. Hesabu milimita zinazoonekana kutoka ukingo hadi ukingo wa duara. Kwa hadubini nyingi za shule ni 4 hadi 5. Kwa ukuzaji wa 100 duara hilo huwa na upana usiofika milimita 2. Tuseme umepata 1.8. Rudisha kitunguu, hesabu ni seli ngapi zinapangana kwa urefu kuvuka katikati ya duara. Zikiwa 6, basi 1.8 gawanya kwa 6 ni milimita 0.3.

Milimita moja ina maikromita 1,000, kwa hiyo seli hiyo ina urefu wa maikromita 300. Sasa watoto wana kipimo chao wenyewe na wanaweza kulinganisha. Seli ya ndani ya shavu ina upana wa maikromita 50 hadi 60. Seli nyekundu ya damu ina 7 hadi 8, maana yake 40 hivi zingepangana kwenye urefu wa seli moja ya kitunguu. Bakteria wengi wana 1 hadi 5. Yai la mwanamke, mojawapo ya seli kubwa za mwili, lina maikromita 100 hivi, sawa na moja ya kumi ya milimita.

Ndipo majina

Sasa rudi kwenye michoro yao, si kwenye chati, uandike nao. Mstari wa nje wa kitunguu ni ukuta wa seli. Kile kilichosinyaa kwa chumvi kimezungukwa na utando wa seli, unaoamua kipi kiingie na kipi kitoke. Doa la kahawia ni kiini, panapohifadhiwa DNA, yaani maelekezo ya namna ya kuijenga na kuiendesha seli. Sehemu kubwa iliyojaa umajimaji wa zambarau ni vakuoli, ghala la maji, na kujaa kwake ndiko kunakoufanya mmea usimame wima. Umajimaji mzito uliobaki kati ya vakuoli na utando ni saitoplazimu.

Mitokondria, ambamo chakula hugeuzwa kuwa nishati, zimo lakini kwa hadubini ya shule hazitaonekana vizuri. Sema hivyo waziwazi. Mtoto akiambiwa "kuna sehemu zinazohitaji kifaa chenye nguvu zaidi" ataendelea kuyaamini macho yake kwa zile alizoziona.

Hapa pia ni mahali pazuri pa historia fupi. Mwaka 1665 Mwingereza Robert Hooke alitazama kipande chembamba cha gome linalotengenezewa vizibo vya chupa, akaona vyumba vitupu na kuvipa jina ambalo lugha nyingi zinalitumia hadi leo. Vilikuwa vitupu kwa sababu seli zilikwisha kufa, zikabaki kuta. Miaka michache baadaye Antonie van Leeuwenhoek wa mji wa Delft, Uholanzi, ambaye alikuwa mfanyabiashara wa vitambaa, alitengeneza lenzi ndogo kwa mkono na kuona viumbe hai vya seli moja vikiogelea majini. Watoto wanaotumia lenzi ya tochi wako karibu naye kuliko wanavyodhani. Naye alitumia lenzi moja tu.

Seli zao wenyewe

Kila mtoto atumie kijiti chake cha pamba, asichangie na mwenzake. Asukutue kwa maji, kisha asugue taratibu upande wa ndani wa shavu kwa sekunde 10. Azungushe ncha kwenye tone dogo la maji katikati ya slaidi. Paka tone la GV iliyopunguzwa, ngoja dakika 2, funika, fyonza rangi iliyozidi. Vijiti na slaidi zilizotumika ziingie mara moja kwenye chombo chenye maji yaliyochanganywa na Jik.

Zitafute kwa ukuzaji wa 100, kisha 400. Ni bapa, hazina umbo maalumu, nyingine zimekunjika, na kila moja ina kiini cheusi katikati. Ziweke sambamba na michoro ya kitunguu na uulize swali moja: nini hakipo? Watasema ukuta. Watasema hazijapangana. Wengine watagundua kwamba hakuna ghala kubwa la maji. Tofauti ya seli ya mmea na ya mnyama wataikumbuka kwa sababu wameitaja wao.

Damu isitolewe darasani, hata tone. Kuna hatari ya maambukizi na hakuna unachofaidi ambacho picha haiwezi kukupa. Lakini watoto wengi wa kanda ya ziwa wamewahi kuchomwa kidole kwenye zahanati wakipimwa malaria. Waeleze kilichofuata pale kipimo kilipokuwa cha hadubini: tone lile lilipakwa kwenye slaidi kama zao, likatiwa rangi, na mtaalamu wa maabara akatafuta vimelea ndani ya seli nyekundu. Kimelea cha malaria nacho ni kiumbe cha seli moja.

Aina za seli

Mgawanyo wa kwanza ni huu: seli zenye kiini na zisizo na kiini. Bakteria hawana, DNA yao iko wazi ndani ya saitoplazimu. Mimea, wanyama, kuvu na viumbe vingi vya seli moja vya majini wana kiini. Kila kundi lina mfano hapa kwetu.

Kwa bakteria, chukua maziwa lala. Paka tone dogo mno kwenye slaidi, lipunguze kwa maji, liache likauke, lipake GV kwa dakika moja, suuza polepole. Kwa ukuzaji wa 400 utaona vitone na vijiti vidogo sana vya zambarau. Usitarajie zaidi ya hapo. Mabonge makubwa ni mafuta na protini za maziwa. Ndugu zao wakubwa zaidi wanaishi katika maziwa ya magadi ya Bonde la Ufa: Arthrospira, nyuzi za kijani zilizojisokota, chakula cha heroe wadogo wa Ziwa Nakuru na Bogoria. Rangi ya waridi ya ndege hao hutokana na chakula hicho. Bakteria hawa hutengeneza chakula kwa mwanga wa jua ingawa hawana kiini wala kloroplasti, yaani vile vidoa vya kijani vya mimea vinavyonasa mwanga. Ziwa Nakuru liko ndani ya hifadhi, kwa hiyo usichote maji yake bila idhini, picha inatosha.

Kwa kuvu, tumia hamira ya mandazi. Robo kijiko cha chai cha hamira, kijiko kimoja cha sukari, nusu glasi ya maji ya uvuguvugu yasiyochoma kidole. Ngoja dakika 30. Chukua kidogo tu, kwani tone zito litakuwa ukungu mtupu. Kwa 400 utaona seli za mviringo, nyingine zimeota kichipukizi pembeni: seli inazaa seli. Maji yakiwa moto sana hamira hufa na hapatakuwa na mapovu. Fanya jaribio hilohilo kwa unga wa kuokea wa kopo. Utatoa mapovu mara moja kisha ukome, na kwenye hadubini hutaona seli za hamira. Hizo ni kemikali zinazokutana na maji.

Viumbe vya seli moja vya majini wako wengi kwenye mizizi ya gugumaji inayoelea katika Ghuba ya Winam. Hapa kuna tahadhari ya kweli: maji ya ukingoni mwa Ziwa Victoria yana vimelea vya kichocho, navyo hupenya ngozi. Mtoto asiingie majini wala asichote. Mtu mzima mwenye glavu za mpira na mabuti achukue mmea mmoja na maji kidogo kwenye chupa, aiache siku mbili kamili mahali penye kivuli bila kukaza kifuniko. Vimelea hivyo visipopata mwili wa kuingia hufa ndani ya muda huo. Hata hivyo endelea kuvaa glavu. Asiye na haja ya kwenda ziwani aloweke konzi ya nyasi kavu kwenye maji ya mvua kwa siku 5 hadi 7; maji yakianza kunuka na kufanya utando juu, tone la chini ya utando huo litakuwa na viumbe wanaokwenda mbio. Wakikimbia mno, weka nyuzi chache za pamba kwenye tone ili ziwapunguze mwendo.

Ndani ya mmea mmoja pia seli hazifanani. Paruza kidogo kiazi cha mviringo, tia iodini: punje za wanga zitageuka bluu iliyokoza hadi nyeusi, jambo ambalo kitunguu hakikufanya kwa sababu hakihifadhi wanga. Jaribio zuri zaidi ni la ndizi. Sugua kidogo cha ndizi mbichi kwenye slaidi moja na cha ndizi iliyoiva sana kwenye nyingine, iodini kwenye zote. Mbichi itajaa punje nyeusi. Ile iliyoiva itakuwa nazo chache, kwani wanga umegeuka sukari, na seli zake huachana kirahisi ukazipata moja moja. Mtoto aonje kila aina (si zile zenye iodini) na alinganishe ladha na alichokiona.

Kijani, kilichokosekana kwenye kitunguu, kipo kwenye vile vimea laini vinavyoota kwenye kuta zenye unyevu na kando ya matangi wakati wa mvua. Jani lake kwa sehemu kubwa lina unene wa seli moja tu. Lichomoe, liweke kwenye maji, lifunike. Kloroplasti zitaonekana bila rangi yoyote, vidoa vya kijani vilivyojipanga ndani ya kila seli. Kwa matundu ya kupumulia ya jani, futa taratibu upande wa chini wa sukuma wiki kwa pamba, paka rangi ya kucha isiyo na rangi, iache ikauke dakika 15, bandika selotepu juu, bandua, gundisha kwenye slaidi. Umepata chapa ya seli mbilimbili zinazokumbatia kila tundu. Jani lenye manyoya huharibu chapa.

Kwa seli za mwili wa binadamu ambazo huwezi kuzitazama darasani, fundisha umbo pamoja na kazi. Mwili una aina 200 hivi. Seli nyekundu ya damu haina kiini ikikomaa, hivyo ina nafasi zaidi ya kubeba oksijeni, na huishi siku 120 hivi. Seli nyeupe hubadili umbo ili kupenya na kumeza vijidudu. Seli ya neva inaweza kuwa na mkia wa urefu wa karibu mita moja, kutoka uti wa mgongo hadi mguuni. Seli ya msuli hujivuta ikawa fupi.

Magharibi mwa Kenya huwezi kufundisha seli za damu ukaruka selimundu. Ni ugonjwa wa kurithi: chanzo cha tatizo ni himoglobini, ile protini inayobeba oksijeni, ambayo ikiwa na kasoro huifanya seli nyekundu ijipinde, iwe ngumu, ikwame kwenye mishipa midogo. Seli hizo huishi siku 10 hadi 20 badala ya 120. Haiambukizi, na hakuna aliyelogwa. Huenda mtoto mmoja darasani anao au ana ndugu anao. Eleza bila kumtazama wala kumtaja, na mlango wa kuuliza faraghani ubaki wazi.

Yanayoharibika na sababu zake

Miduara yenye ukingo mweusi mnene ni mapovu ya hewa. Ndiyo "seli" ambazo watoto huchora kwa wingi zaidi siku ya kwanza. Gusa kifuniko kwa penseli: povu hutikisika na kubadili umbo.

Ukiona kuta zinazokatana ovyo, ngozi imekunjika au umebandua tabaka mbili. Anza upya, usihangaike kuinyoosha. Ukiona kahawia tupu, iodini ilizidi. Vuta maji safi kwa shashi. Giza kwenye 400 huwa ni mwanga uliobanwa, fungua tundu la chini ya slaidi. Doa linalozunguka unapozungusha lenzi ya jicho liko kwenye lenzi hiyo, na mistari myeusi iliyopinda ni kope za mtazamaji.

Maswali yatakayokuja

"Mwalimu, na jiwe lina seli?" Halina, wala maji, wala chumvi. "Nywele je?" Nywele na kucha ni mabaki ya seli zilizokufa, ndiyo maana kinyozi hatuumizi. "Virusi ni seli?" Si seli, havina saitoplazimu na haviwezi kuzaliana bila kuingia kwenye seli ya kiumbe kingine.

"Yai la kuku ni seli moja?" Hili lijibiwe kwa uangalifu. Kwenye yai la kuku wa mayai aliyefugwa bila jogoo, kiini cha njano ni seli moja kubwa. Ute mweupe na ganda ni nyongeza. Yai la kienyeji lililorutubishwa huwa limekwisha kugawanyika likawa na maelfu ya seli kabla hata halijatagwa, katika kile kidoa cheupe juu ya njano.

"Mimi nina seli ngapi?" Makadirio ya mtu mzima ni karibu trilioni 30. Mtoto ana chache zaidi, na anakua kwa sababu zinagawanyika.

Baada ya somo

Slaidi zilizokaa kwenye Jik nusu saa zioshwe kwa sabuni, zisuuzwe, zisimame kwenye kitambaa zikauke. Lenzi zifutwe kwa kitambaa laini kikavu cha pamba, si kwa shati wala shashi ya jikoni, ambayo huacha mikwaruzo. Rudisha lenzi ya 4 chini, beba hadubini kwa mikono miwili, mmoja ukishika shingo na mwingine kitako. Karibu na ziwa unyevu huotesha ukungu ndani ya lenzi, na ukishaota hautoki kwa kufuta. Iweke ndani ya mfuko uliofungwa pamoja na vile vifuko vidogo vya kukausha vinavyopatikana ndani ya maboksi ya viatu, na ubadilishe vifuko kila mvua za masika na za vuli zinapoanza.